Kumbukumbu ya mradi wangu: wino usiotoka na maji kwa daftari la ukoo

Machi, wiki ya pili

Mvua ya kwanza ya masika imepiga Tanga usiku kucha, na bati moja juu ya chumba cha Bibi lilikuwa limelegea msumari. Maji yameteremka moja kwa moja kwenye sanduku lenye daftari la ukoo: nani kazaliwa lini, nani kaoa wapi, nani kazikwa makaburi gani. Nilipolifungua asubuhi kurasa zilikuwa zimegandana. Nilizibandua moja moja kwa kisu butu, nikapachika magazeti katikati, nikaweka jiwe la kusagia juu yake.

Siku ya tatu zikakauka, na hapo nikaona jambo lililozaa mradi huu. Kurasa za mwanzo, mwandiko wa Babu wa miaka ya 1950 na 1960, zinasomeka. Buluu imetoka na kutia doa karatasi nzima, lakini chini yake mstari wa kijivu umebaki, mpaka mikia mirefu ya herufi zake. Kurasa za mwisho, alizoandika baba mdogo kuanzia 1987 kwa wino wa buluu wa dukani, zimekuwa wingu. Watoto wanne wa shangazi hawamo tena. Wenyewe wapo, wazima wa afya, ila majina na tarehe zao zimekwenda na maji.

Maandishi ya zamani yamesalimika, mapya yamefutika. Nilimuuliza Bibi. Akasema, "Wino wa babu yako ulikuwa unaandika buluu, ukilala unaamka mweusi."

Nimeamua kulinakili daftari lote upya, kurasa 61, kwa kalamu ya wino. Ningeweza kuchukua bolpeni nikamaliza upesi, lakini kalamu ya wino nimeishika tangu sekondari na mwandiko wangu ndio huo. Kabla ya herufi ya kwanza, nitafute wino.

Machi, wiki ya nne

Nimeanza vibaya. Dukani niliuliza wino mweusi usiotoka na maji, nikapewa kichupa cha wino wa kuchorea ramani. Kweli hautoki na maji, kwa sababu una shelaki ndani yake, na shelaki ikikauka inakuwa kama vanishi. Niliujaza kwenye kalamu niliyopewa na marehemu baba. Asubuhi haikuandika. Nimeiloweka siku mbili, nimebadilisha maji mara kumi, ulimi ulio chini ya nibu umeziba mifereji yote. Imeniuma sana. Mwenye kalamu ya wino asome hapa: wino wa kuchorea ni wa nibu ya kuchovya au brashi. Usiutie kwenye kalamu yenye tangi, hata kwa siku moja.

Aprili, wiki ya kwanza

Binamu amerudi likizo kutoka Muscat na chupa nilizomwagiza. Meza imejaa. Nilikata vipande vya karatasi ya daftari jipya la jalada gumu, nikaandika jina la Bibi kwenye kila kimoja, nikaviacha saa 24. Halafu kila wino nikaupa mitihani mitatu: bakuli la maji usiku kucha, tone la jiki, na dirisha la mashariki lenye jua, nusu ya kipande ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya foili.

Buluu ya kawaida, mfano Quink ile ya kufulika na Pelikan 4001 Royal Blue, ilianza kutoka kabla sijaondoa mkono kwenye bakuli. Asubuhi karatasi ilikuwa nyeupe na maji ya samawati. Si kasoro. Wino huu ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, na maji yakirudi yanachukua chake. Umetengenezwa hivyo ili utoke kwenye shati la mwanafunzi. Sisi wa Pwani tuna wino wa kuyeyuka kwa makusudi: kombe, yaani maandishi ya aya za Kurani, huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe ili yaoshwe kwa marashi na mgonjwa anywe. Wino wa zafarani ukigoma kutoka, kombe limeharibika. Kila wino una kazi yake, na baba mdogo aliandika nasaba kwa wino wa shule.

Uliofuata ndio ulionifanya nimwite Bibi. Salix, wa Rohrer & Klingner wa Ujerumani, ni wino wa chuma na tanini, ile dutu ya ukakasi iliyomo kwenye mimea. Ukiandika ni buluu. Nilikaa nautazama: dakika chache tu mstari ukaanza kukolea, jioni ukawa wa kijivu cha kuiva. Bibi akasogeza miwani, akasema, "Ndio huu." Ndani ya chupa chuma kimeyeyuka na hakina rangi ya maana, ile buluu ni ya kukuwezesha kuona unachoandika. Kikigusana na hewa kikiwa ndani ya nyuzi za karatasi kinashikana na tanini na kugeuka cheusi kisichoyeyuka. Usiku kwenye bakuli buluu ilitoka, jina likabaki kijivu, sawasawa na kurasa za Babu. Anayetaka kuona jambo hili bila kununua chupa aweke msumari wenye kutu kwenye kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, arudi kesho. Chai ina tanini. (Ila asiutie huo kwenye kalamu.)

Uingereza, wasajili wa vizazi, ndoa na vifo waliandika vitabu vyao kwa wino wa jamii hii miaka na miaka, na Diamine ya Liverpool bado inauza mmoja unaoitwa Registrar's Ink. Wino huu una asidi kiasi, hivyo kalamu ioshwe kila baada ya wiki chache wala isiachwe ikakauka nao. Na ioshwe kwa maji matupu kwanza, maana sabuni au amonia hufanya chuma kigande humo humo ndani. Jiki ndiyo iliyouumbua: tone moja, weusi ukaondoka, likabaki doa la njano kama kutu.

Noodler's Black wa Marekani unafanya kazi kwa njia nyingine. Rangi yake inajifunga kwenye selulosi, yaani nyuzi zenyewe za karatasi. Kila aliyewahi kudondokewa na utomvu wa mgomba kwenye kanzu anajua habari hii: huoshi doa, unaosha nguo yenye doa. Maji hayakuufanya kitu, na jiki haikuufuta. Lakini karatasi ya daftari langu ni laini, hainywi haraka, na wino usiofika kwenye nyuzi unabaki juu bila kujifunga. Baada ya siku nzima bado kiganja changu kilikuwa kinauburuta. Kwa mwandishi wa Tanga, ambaye mkono hauna saa ya kukauka jasho, hilo si dogo.

Wa mwisho ni Platinum Carbon Black wa Japani. Huu hauna rangi ya kuyeyuka. Una chembe za kaboni, ndugu ya masizi ya kibatari, zilizosagwa ndogo mno hata zinapita kwenye ulimi wa kalamu. Maji yakitoka, chembe zinabaki zimenasa kwenye karatasi. Bakuli: hakuna kitu. Jiki: hakuna kitu.

Mei, wiki ya pili

Nimetoa vipande dirishani baada ya wiki tano. Nimefunua foili. Buluu ya shule imepauka upande wa jua hadi inasomeka kwa taabu. Salix umepoteza buluu yote upande huo na kuelekea kahawia. Kaboni ni ile ile pande zote mbili, sioni mpaka wa foili ulikuwa wapi.

Kwa hiyo neno "wa kudumu" kwenye chupa siliamini tena mpaka niulize: wa kudumu mbele ya nini? Kuna unaoshinda maji ukashindwa na jua, na kuna unaoshinda maji na jiki ukashindwa na kiganja. Chupa chache zimeandikwa ISO 14145-2, kiwango cha kimataifa cha wino wa hati, kinachopima maji, mwanga, kufutwa, spiriti, asidi, amonia na bleach. Ukiiona alama hiyo una pa kuanzia.

Daftari la ukoo litaandikwa kwa kaboni. Salix nimeupenda kwa ajili ya Babu, na barua zangu za kila siku sasa naandika nao, lakini daftari hili litafunguliwa kwenye misiba na harusi, barazani, juani, na mikono ya watu wengi.

Kwa upande wa kalamu nimechukua Platinum Preppy ya nibu 0.3. Ni ya bei ndogo, ina katriji za wino huo huo, na kifuniko chake kina mfuniko wa ndani wenye springi unaozuia nibu kukauka. Chembe za kaboni zikikauka ndani hazitoki tena kwa urahisi, hivyo kifuniko kizuri kina uzito kuliko nibu ya dhahabu. Kila Ijumaa naiosha kwa maji ya baridi na tone la sabuni ya vyombo, mpaka maji yatoke meupe. Wino mwingine haugusi kalamu hii.

Juni, wiki ya kwanza

Ukurasa wa 23. Naandika alfajiri kabla ya joto, na karatasi ya kukaushia iko chini ya kiganja muda wote. Nimegundua pia kuwa mistari miwili ya kwanza ya kila kikao inakuwa mizito, basi naanza kwenye kipande cha pembeni.

Jana shangazi alikuja kutoka Muheza kunipa tarehe za watoto wake wanne. Wa tatu hakumkumbuka kwa tarehe, alimkumbuka kwa mwezi mosi Ramadhani, siku ile mume wake aliporudi safari. Nimeandika hivyo hivyo alivyosema, na nimeacha nafasi ya tarehe ya kizungu atakapoipata kwenye kadi ya kliniki. Bibi aliomba aone jina lake. Alilisoma polepole, akachovya kidole kwenye glasi yake ya maji, akalisugua, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Karatasi ilianza kutoa nyuzi, jina halikusogea.

Zimebaki kurasa 38 na katriji saba. Wiki ijayo naanza upande wa Pangani, ambao ndio uliolowa zaidi, na itabidi nisome mwandiko wa Babu kwa kuinua karatasi mbele ya taa.