Ile ya Pikapu

Baba alistaafu ualimu Desemba 2014. Sherehe tukaifanyia nyumbani, si mbali na Litein huko Kericho, kwenye uwanja wa mbele ambao siku nyingine ni wa ng'ombe wawili na ndama wao. Muziki nikapewa mimi. Si kwamba nilijua muziki. Nilikuwa na kompyuta, na katika ukoo wetu mwenye kompyuta ndiye fundi wa kila kitu chenye waya.

Asubuhi hiyo Baba akanikabidhi karatasi iliyong'olewa kwenye daftari. Nyimbo 31 za kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani, zimepangwa kwa nambari, zimeandikwa kwa ileile biro nyekundu aliyosahihishia watoto wa watu kwa miaka 36. Jim Reeves peke yake alikuwa na nyimbo 11. Don Williams 7, Kenny Rogers 5, Charley Pride 4, Dolly Parton 3, Skeeter Davis 1. Chini kabisa alikuwa ameandika, "Kwa mpangilio huu," akapiga mstari mara mbili.

Msomaji wa Dar es Salaam au Zanzibar huenda akashangaa mwalimu wa Kipsigis anatafuta nini kwa waimbaji wa Texas na Tennessee. Sisi wa Bonde la Ufa tulishaacha kushangaa. Kantri iliingia Kenya kwa santuri na kwa redio, ikakuta watu wanaoimba habari za ng'ombe, mama, shamba lililopotea na mpenzi aliyeondoka, ikaona imefika kwao. Hadi leo yuko Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, anayejaza kumbi za Nairobi kwa nyimbo hizohizo, kofia kichwani. Baba huamini kwamba Kiingereza alifundishwa na Jim Reeves kuliko walimu wake, kwa sababu yule bwana alitamka kila neno hadi herufi ya mwisho. Ukimsikia Baba akisoma tangazo kanisani, unakubali.

Basi mambo yakaenda vizuri mpaka saa tisa. Hotuba ziliisha, mbuzi wakaliwa, mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ikapita mkono kwa mkono. Wazee walikaa chini ya tenti, viti vya plastiki vikizama polepole kwenye udongo uliolowa mvua ya jana. Nilikuwa nimefika wimbo wa 19. Kusema kweli nilikuwa nimechoka. Jim Reeves ni mzuri, lakini Jim Reeves mara kumi na moja baada ya wali na nyama ni dawa ya usingizi.

Hapo ndipo alipokuja Texas.

Jina lake nalihifadhi. Ni mtoto wa Baba Mkubwa, na Texas tulimbandika baada ya miguu yake kumpatia ufadhili wa kukimbia katika chuo kimoja cha huko. Alikuwa amerudi likizo, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na viatu vyenye ncha ambavyo Mama alivikagua kwa muda mrefu bila kusema neno. Akanitelezea flashi chini ya meza kama mtu anayetoa hongo. "Weka hii. Moja tu. Watu wachangamke."

Nikaweka.

Kwanza lilisikika gitaa, na wazee hawakuinua hata nyusi. Kisha zikaja ngoma za mashine, zile zinazopiga kifuani, na kijana akaanza kuimba kwa kukimbiza maneno, nusu anaimba nusu anarap, habari za msichana, barabara ya vumbi na pikapu iliyoinuliwa juu. Ulikuwa wa kundi la Florida Georgia Line. Huko kwao, mwaka mmoja kabla, wimbo wao mmoja ulikuwa umekaa kileleni mwa orodha ya kantri kwa wiki 24. Kwetu ulikaa sekunde arobaini hivi.

Baba alisimama na kijiti cha meno mdomoni. Hakupaza sauti, hajawahi. Aliongea kwa ile sauti ya kuuliza nani amechora ubaoni. "Nani ameleta disko kwangu?"

"Si disko, Baba Mdogo," Texas akajibu. "Ni kantri. Ndiyo kantri ya sasa."

"Hiyo ni disko imevaa kofia."

Watu wakacheka, na ingeishia hapo, lakini Mjomba, kaka yake Mama, akasema kutoka kiti cha nyuma, "Shemeji, wacha icheze. Mbona ina mwendo mzuri?" Mjomba ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa na miaka zaidi ya ishirini kati ya Mombasa na Malaba. Nyumbani kwetu neno lake kuhusu kantri lilikuwa na uzito, maana kaseti za Don Williams alizozimaliza usiku barabarani ni nyingi kuliko tulizowahi kuona. Kauli yake ikawa kama mzee wa kanisa kusifu baa.

Nikapunguza sauti, na mjadala ukaanza. Uliendelea karibu saa nzima, na nakumbuka vipande vyake kuliko hotuba yoyote ya siku ile.

Mwalimu mmoja mstaafu, rafiki ya Baba, alisema kantri ni hadithi: lazima iwe na mtu, shida na mwisho. "Huyu kijana shida yake ni nini? Ana gari, ana msichana, ana bia. Analilia nini?" Hoja hiyo naona ina nguvu mpaka leo. Texas akajibu kwamba si lazima kila mtu alie, na kwamba vijana wa huko wanafanya kazi wiki nzima, Ijumaa wanataka kufurahi. Baba akasema kufurahi kuna nyimbo zake, si lazima waibe jina. Akaongeza, akihesabu kwa vidole, kwamba kantri halisi ina fidla, ina gitaa, ina sauti ya mtu mzima, na maneno unayasikia.

Ndipo Texas akatoa habari iliyonyamazisha tenti. "Baba Mdogo, wenzangu wa timu hawamjui Jim Reeves."

"Hawamjui vipi? Si ni wa kwao?"

"Alizaliwa na kuzikwa Texas, lakini hawamjui. Nilimwimba siku moja kwenye gari tukienda mashindanoni, wakaniuliza ni wimbo wa Kenya?"

Sijawahi kumwona Baba akikosa jibu namna ile. Alikaa. Texas, kwa huruma nadhani, akaeleza kwamba mmoja tu ndani ya gari alimtambua, naye ni kocha, mzee wa miaka sitini na ushei, kwa kuwa mama yake alikuwa na santuri zake. Kocha huyo naye haziwezi nyimbo za siku hizi, na vijana humchokoza wakimwekea makusudi. Kwake yeye kantri iliisha na George Strait. Juni mwaka huohuo kocha alikuwa amekwenda Arlington kwenye tamasha la kufunga ziara ya mwisho ya Strait, watu zaidi ya laki moja ndani ya uwanja mmoja, akarudi akisema sasa wazime taa.

"George nani?" Baba akauliza. Strait alianza kutamba miaka ya 1980. Kwa Baba huyo ni mtoto wa juzi.

Kogo alikuwa amekaa pembeni muda wote huo, blanketi magotini, kikombe cha chai kwenye kiganja. Mama yake Baba, karibu miaka themanini. Tulidhani amesinzia. Akasema kwa Kipsigis, bila kumtazama mtu, "Hata huyu Jim, baba yenu alimkataza."

Baba akageuka. "Mama."

"Si alikukataza? Ulileta ile redio ya betri, ukaiweka pale mlangoni. Akasema huyu anaimba kama mtu anayembembeleza mtoto, na nyuma yake kuna kanisa zima linamsaidia. Akasema Chemirocha alikuwa peke yake na gitaa lake."

Wenye umri wakacheka. Vijana tukatazamana. Texas akaniuliza kwa sauti ya chini Chemirocha ni nani, na mimi sikujua.

Kogo akaeleza. Alipokuwa msichana, watu waliofanya kazi kwenye majani chai ya Kericho walirudi na habari za gramafoni za Wazungu. Ndani ya chombo kile kulikuwa na mtu anayepiga gitaa, halafu katikati ya wimbo sauti yake inapanda, inavunjika, inaruka kama ya mnyama. Jina lake lilikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani wa enzi za mwanzo. Midomo ya Kipsigis ikamtengeneza akawa Chemirocha. Wengine walisema huyu si binadamu kamili, ni mtu juu na swala chini. Wasichana wakamtungia wimbo.

Kisha akauimba. Si wote, mistari miwili mitatu. Aliweka kikombe chini kwanza, akakikalisha sawasawa kwenye nyasi ili kisimwagike, akashika shavu kwa kiganja. Sauti ilikuwa nyembamba na yenye vumbi, lakini ilipofika mahali fulani aliisukuma juu ya koo, ikakatika, ikarudi chini. Ndama alikuwa akilia nyuma ya nyumba. Spika yangu ilikuwa ikinguruma kwa waya uliolegea, nikauchomoa.

Akachukua kikombe chake. Shangazi mmoja akapiga kigelegele kifupi, na hapo Kogo akaonekana amechoka na kelele zetu zote, akaomba apelekwe ndani.

Niliyafuatilia baadaye, nilipopata muda na intaneti. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, jirani yetu kabisa, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Kogo hakuwa miongoni mwao, nilimuuliza. Rodgers mwenyewe hakujua lolote, maana kifua kikuu kilimuua mwaka 1933.

Na kuhusu babu, nikagundua hakuwa mzee mkaidi tu. Hadi katikati ya miaka ya 1950 Jim Reeves alikuwa akiimba kwa sauti ya juu, na fidla za vijijini nyuma yake. Mwaka 1957 akasogea karibu na maikrofoni, akaanza kuimba kwa upole, na mtayarishaji wake Chet Atkins pamoja na wenzake wa Nashville wakawa wanapunguza fidla na lile gitaa la kulaza linalotelezeshwa chuma kwenye nyuzi, wakaleta kwaya na okestra ili wauze kwa watu wa mjini. Wapenzi wengi wa kantri ya zamani waliona wamesalitiwa. Inasimuliwa kwamba Atkins alipoulizwa sauti hiyo ya Nashville ni kitu gani, alitia mkono mfukoni akatikisa sarafu. Ugomvi haukuisha. Mwaka 1975, kwenye tuzo kubwa za kantri, mwimbaji Charlie Rich alipaswa kumtangaza mshindi, akaona ni John Denver, mwimbaji wa nyimbo laini, akatoa kiberiti cha gesi na kuichoma ile karatasi mbele ya kamera. Wengi waliielewa kwamba anasema huyu si mwenzetu, ingawa Rich mwenyewe alikuwa amepata jina kwa nyimbo laini vilevile.

Kwa hiyo zile fidla Baba alizohesabu kwa kidole siku ile, kwenye nyimbo zake nyingi za Jim Reeves ni fidla za okestra. Nilimsomea hayo yote kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini zilikuwa nzuri," akaniuliza kama nimelipa bima ya gari.

Siku ya sherehe nilirudi kwenye karatasi, nambari 20, Charley Pride. Hakuna aliyeshinda. Texas alienda kucheza na watoto, Baba akaenda kuaga wageni wa kanisa. Kiza kilipoanza kuingia nilikuwa nakunja nyaya, Mjomba akaja akasimama kando yangu akijifanya anaitazama spika.

"Ile ya pikapu bado unayo?"

"Ninayo, Mjomba."

Akatoa flashi kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwa uzi wa kiatu. "Niwekee. Weka na Don Williams, lakini usichanganye, tenga. Don Williams ni wa usiku nikitoka Mtito Andei, barabara imenyooka, gari linakwenda lenyewe. Kupanda Timboroa na tani ishirini na sita nyuma, huyo hanisaidii kitu. Pale nataka hawa wenye ngoma."

Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Sauti ya Baba ikatokea humo, na sikujua amekuwa akisikiliza tangu lini.

"Shemeji, ukianguka Timboroa na hizo kelele, mimi siji kukutoa."

"Utakuja," Mjomba akasema, akanishikilia tochi ya simu nione tundu la flashi.