Ukifika Uingereza, jiandikishe kwa GP ukiwa bado mzima

Mtu akitoka Dar, Mombasa au Kampala kuhamia Uingereza, wiki ya kwanza inaishia kwenye chumba, laini ya simu na akaunti ya benki. Matibabu yanawekwa kiporo mpaka siku homa itakapompiga, na siku hiyo hana nguvu hata ya kushika simu. Ndugu yangu, wiki hiyo hiyo ya kwanza nenda ukajiandikishe kwa GP. Huyo ni daktari wa mtaa unaoishi, na karibu milango yote ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, inafunguliwa na yeye.

Nyumbani ngazi za rufaa tunazijua: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, mpaka Muhimbili. Lakini mwenye fedha anaziruka, anakwenda kwa bingwa moja kwa moja na anaonwa siku hiyo hiyo. Ndani ya NHS hakuna kuruka. Bingwa wa moyo, ngozi au mifupa anasubiri barua ya GP. Unaweza kwenda mwenyewe bila barua kwa dharura, meno, macho, kliniki ya magonjwa ya zinaa, na kwa mkunga ukiwa mjamzito.

Kwanza tuelewane kuhusu fedha, maana wapo wanaoogopa hospitali kumbe wameshalipa. Ukiomba viza ya zaidi ya miezi 6 kutoka nje unatozwa ada ya afya ya uhamiaji. Tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi na mtoto chini ya miaka 18. Kipande cha mwaka kinachozidi miezi 6 kinahesabiwa mwaka mzima, ndiyo maana viza ya mwenzi ya miezi 33 inatozwa ada ya miaka mitatu, pauni 3,105. Wenye viza ya wafanyakazi wa afya wamesamehewa. Ukishalipa, au ukisamehewa, hospitali ya NHS inakuhudumia kama mkazi. Jambo moja kubwa ambalo ada hiyo hailipii kwa upande wa England ni matibabu ya kusaidia kupata mimba, kama kutungisha nje ya mwili.

Kujiandikisha ni bure. Ingia tovuti ya NHS, andika postikodi yako, tazama kliniki za GP ambazo eneo lao linafika kwako, kisha jaza fomu mtandaoni au ya karatasi. Hapa ndipo wengi wanakwama: umepanga chumba kwa ndugu, bili ya umeme haina jina lako, na mtu wa mapokezi anakudai uthibitisho wa anwani. Mwongozo wa NHS England uko wazi kwamba huwezi kukataliwa kwa kukosa kitambulisho, uthibitisho wa anwani au karatasi za uhamiaji. Wanaweza kukukataa kama unaishi nje ya eneo lao au orodha yao imefungwa. Mtaje mwongozo huo kwa upole kwa mtu wa mapokezi na uombe sababu kwa maandishi; wana wajibu wa kukupa ndani ya siku 14. Mara nyingi ombi hilo peke yake linamfanya amwite meneja, na fomu inapokelewa.

Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, majina yote matatu kwa mpangilio ule ule. Leo Juma Hassan, kesho Hassan Juma, na mfumo unaweza kukufanya watu wawili wenye namba mbili za NHS, majibu ya damu yakiwa kwa mmoja na barua ya rufaa kwa mwingine. Namba ya NHS ina tarakimu 10; iandike mahali. Pakua na programu ya NHS kwenye simu, ndiyo utakayoagizia dawa za kila mwezi na kuonea majibu.

Kabla ya kupanda ndege, chukua kadi ya kliniki ya kila mtoto, kwa sababu bila rekodi ya chanjo muuguzi anaweza kulazimika kupanga zirudiwe. Chukua dawa za kukutosha miezi miwili mitatu zikiwa ndani ya maboksi yake, pamoja na karatasi yenye jina la dawa yenyewe na miligramu. Jina la kampuni halisaidii sana. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu ajue kwamba hydroxyurea ya nyumbani huku inaandikwa hydroxycarbamide. Ni dawa ile ile, usishtuke na usiiache.

Miadi ndiyo inayowachosha watu. Simu zinafunguliwa saa mbili kamili asubuhi, na kliniki nyingi nafasi za siku hiyo zinaisha mapema sana. Tangu Oktoba 2025 kliniki za England zinatakiwa kuacha wazi njia ya kuomba mtandaoni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hiyo jaribu huko. Ukishaingia una dakika kama 10. Sisi tumezoea salamu kwanza, habari za safari, kisha mafua, na lile lililotuleta tunalitaja tukiwa tumeshasimama. Anza nalo. "Nimeona damu kwenye choo kwa wiki tatu" iwe sentensi yako ya kwanza.

Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili wakati wa kuweka miadi. NHS inamlipia, na mara nyingi anakuwa kwenye simu. Usimtumie mtoto wako. Mtoto wa miaka 12 hapaswi kumtafsiria mama yake habari za kizazi, na dawa ikieleweka vibaya madhara ni makubwa. Hata 111, namba ya bure ya kuuliza usiku au GP akiwa amefunga, inatoa mkalimani ukitaja lugha yako. 999 ni ya hatari ya kifo: maumivu ya kifua, kupooza ghafla, kushindwa kupumua, damu isiyokatika.

Antibayotiki hazinunuliwi dukani bila cheti cha daktari kama tulivyozoea. Ila mfamasia wa England anaweza kukutibu bila GP kwa maradhi saba, yakiwemo koo, sikio la mtoto, mkanda wa jeshi, na mkojo unaochoma kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64. Kila dawa ya cheti England ni pauni 9.90, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini ni bure. Hailipi mtoto chini ya miaka 16, mwenye miaka 60 na kuendelea, wala mjamzito na aliyejifungua ndani ya miezi 12 mwenye cheti chake cha msamaha. Anayetumia dawa za kisukari halipi pia, lakini lazima GP asaini fomu ya msamaha, FP92A. Usipoiomba utaendelea kulipa. Presha haimo kwenye msamaha huo, na selimundu haimo, jambo ambalo mimi naona ni dhuluma. Basi piga hesabu: dawa mbili kila mwezi ni pauni 237.60 kwa mwaka, wakati cheti cha kulipia dawa zote za mwaka mzima kwa mkupuo ni pauni 114.50 na unaweza kukilipa kidogo kidogo. Mwenye kipato kidogo ajaze fomu HC1 ya kuomba msaada wa gharama hizo.

Mama au baba akija kutembea, sheria inabadilika. Viza ya miezi 6 haina ile ada. GP anaweza kumwona bure, na idara ya dharura, ile yenye kibao cha A&E, haimtozi. Lakini akilazwa tu, au akipewa rufaa, bili inaanza kwa asilimia 150 ya bei ya NHS. Matibabu ya haraka hawatayazuia, na mjamzito hazuiwi kujifungua, ila bili inakuja. Deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa kwa miezi miwili linapelekwa Home Office, wizara inayotoa viza, na linaweza kukwamisha viza yake ijayo. Zungumza na hospitali mapema mpange malipo ya awamu. Bora zaidi, mkatie bima ya safari kabla hajaondoka na utaje presha na sukari yake. Bima iliyofichwa ugonjwa hailipi.

Hospitali binafsi zina kazi yake: goti au ngiri iliyokaa kwenye foleni ya NHS. Bima binafsi kwa kawaida haigusi magonjwa ya kudumu, na aina moja maarufu inaacha nje chochote ulichougua miaka 5 iliyopita hadi upite miaka 2 bila dalili. Cheti cha daktari binafsi unalipia bei kamili ya dawa, na GP wako halazimiki kukiendeleza. Kabla ya kulipa, GP akikuandikia rufaa England muulize orodha ya hospitali za kuchagua. Baadhi ni za binafsi zenye mkataba na NHS, na hapo hulipi kitu.

La mwisho ni malaria. Ukitoka likizo nyumbani ukapata homa, hata miezi mitatu baadaye, sentensi ya kwanza kwa 111 au A&E iwe "nilikuwa Tanzania", pamoja na tarehe uliyorudi. Usipoitaja, homa yako itasomwa kama mafua. Kinga uliyokuwa nayo inapungua ukiishi ugenini, kwa hiyo usingoje kesho. Kipimo cha damu na matibabu ya malaria ni bure kwa kila mtu, hata kwa mama aliyekuja kutembea.