Siku Tulipoupasua Mpapindi wa Ngezi

Mpapindi ni mti wa jamii ya minazi ambao kwa asili yake hauoti popote duniani isipokuwa kisiwani Pemba, na mimi, niliyezaliwa Unguja, niliusoma kwenye daftari kabla sijauona. Nilikutana nao mwaka 2009 katika Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa Pemba, nilipokuwa mwanafunzi wa elimu ya mimea. Mwalimu wetu alitupa kazi moja tu siku ile: tuuchunguze mti huo kiungo kwa kiungo, kisha tueleze kwa ushahidi wa macho yetu wenyewe umewekwa katika jenasi gani, yaani kundi gani la spishi zenye undugu wa karibu, na kwa nini.

Tuliingia kwa kibali, tukiongozwa na mzee mmoja wa Konde aliyeujua msitu ule tangu utoto wake. Ngezi ina hekta 1,440 hivi, na ndiyo sehemu kubwa iliyobaki ya msitu mnene wa kale wa Pemba, kwani ardhi nyingine nyingi imegeuka mashamba ya mikarafuu, minazi na mihogo. Chini ya miti mirefu kama mivule, mahali ambapo jua hufika kwa vipande vipande, mipapindi ilikuwa imesimama kwa makundi, mashina kadhaa yakitoka kwenye shina moja la chini, kila shina jembamba, laini, lenye pete zilizoachwa na majani yaliyoanguka. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake kuwa ni mpopoo mwitu.

“Si mpopoo huu, mjukuu wangu,” mzee alimwambia kwa upole. “Mpopoo twaupanda wenyewe, na husimama shina moja. Huu wajiotea, na hutoka kwa kundi. Huu ni mpapindi.”

Mwalimu aliyapokea maneno yale kwa heshima, akasema kuwa mzee ametupa sifa mbili za kweli, na sasa kazi yetu ni kutafuta nyingine. Tulianza na majani. Nilichukua wembe nikakata moja ya majani madogo yanayojipanga pande mbili za upongoo, karibu kabisa na mahali liliposhikana nao, nikaona limejikunja kuelekea chini, kama lilivyo la mnazi. La mkindu hujikunja kuelekea juu, mfano wa mfereji unaoweza kushika maji, kwa hiyo mkindu na jenasi yake yote tukauweka kando papo hapo. Mwale, mti mwingine wa jamii hiyo ya minazi, haukutuchukua muda, kwa sababu tunda lake lina magamba na la mpapindi ni laini, jekundu linapoiva.

Maua ndiyo yaliyotuweka muda mrefu. Kwa kioo cha kukuzia tuliona yamepangwa matatu matatu, ua moja la kike katikati ya mawili ya kiume, ya kiume yakiwa yamekwisha kufunguka na la kike bado limefumba. Katika ua la kiume tulihesabu stameni sita, yaani viungo vinavyotoa chavua. Mpango huo wa maua matatu ulituonesha kuwa tumo katika kundi kubwa ambamo mnazi na mpopoo nao wamo, jambo lililomrudishia nguvu yule mwenzetu aliyeandika mpopoo, na nakiri kuwa hoja yake haikuwa dhaifu.

Hapo ndipo mwalimu alipomwomba mzee popoo moja katika kijaluba chake cha tambuu. Mzee alitoa, tukaikata katikati na kuiweka juu ya jani la mgomba, kisha tukapasua mbegu ya mpapindi na kuiweka kando yake. Kila Mzanzibari aliyewahi kumtengenezea bibi yake tambuu anaijua ile michirizi ya kahawia inayoingia ndani ya weupe wa popoo. Mbegu ya mpapindi haikuwa na mchirizi hata mmoja. Nyama yake ilikuwa ya namna moja mpaka katikati. Hakuna aliyebishana tena. Mimi hadi leo naona hakuna somo la uainishaji nililowahi kufundishwa lililokuwa wazi kuliko vipande vile viwili.

Sifa hiyo ya mbegu ndiyo mojawapo ya zile zilizotumika zamani kuitenga jenasi ya Chrysalidocarpus na jirani yake Neodypsis, ambayo mbegu zake zina michirizi. Mmarekani Harold E. Moore aliuelezea mpapindi kisayansi mwaka 1962 na kuuita Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 Henk Beentje na John Dransfield, baada ya kuichunguza miti ya jamii ya minazi ya Madagaska kwa mapana, waliona kuwa mipaka ya jenasi hizo haishiki, wakaziunganisha zote katika jenasi moja, Dypsis. Kwa hiyo jina tulilojifunza sisi lilikuwa Dypsis pembana.

“Sasa ndugu zake wako wapi?” mzee aliuliza.

“Bukini, mzee wangu,” mwalimu alijibu, akimaanisha Madagaska, “na wachache Ngazija na visiwa vya jirani.”

Mzee alitikisa kichwa, akasema kuwa hata watu wa pwani hii wana ndugu huko. Jibu la mwalimu lilinishangaza mno, maana Unguja iliungana na bara enzi za barafu bahari ilipopungua, lakini Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wa kina cha mamia ya mita, na mti wake huu una undugu wa karibu na Madagaska kuliko Tanga inayoonekana kwenye ramani kuwa hapo hapo.

Mwaka 2022, uchunguzi wa vinasaba ulipoigawa tena Dypsis, mpapindi ulirudishiwa jina la Moore. Wapo wanaolalamika kuwa wataalamu hawatulii. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu kila badiliko lilikuja na ushahidi ambao mtu anaweza kuupitia upya. Katika sampuli tuliyoikausha siku ile nimeongeza kibandiko chenye jina hilo na mwaka, bila kukiondoa cha zamani, na mbegu iliyopasuliwa bado imo ndani ya bahasha yake ili atakayelitilia shaka jina aufungue mti wenyewe.