Nilivyosafisha maji yenye shaba na zinki kwa bakteria wa matope

Nikisema nasafisha maji yenye metali nzito kwa kutumia bakteria, swali la kwanza huwa: kwani wanazila? La. Mafuta yakimwagika, bakteria huweza kuyavunjavunja mpaka yakabaki maji na kaboni dayoksaidi. Zinki ni elementi, haivunjiki. Kinachowezekana ni kuiondoa kwenye maji ikatua chini kama tope.

Maji niliyokuwa nayo yalikuwa na asidi, ya aina inayotoka kwenye machimbo ya zamani: salfeti tele (salfa iliyoungana na oksijeni), shaba, zinki, chuma na manganizi. Wingi wa salfeti ndio uliofanya nichague bakteria wa kundi la Desulfovibrio na wenzao. Hawa huishi pasipo hewa. Badala ya kupumua oksijeni hupumua salfeti, na wanachotoa ni salfaidi, yaani salfa iliyoondolewa oksijeni, ambayo ikikutana na shaba au zinki hushikana nayo ikawa chembe isiyoyeyuka. Wala si jambo jipya: kiwanda cha zinki cha Budel, Uholanzi, kilianza kutibu maji ya ardhini kwa njia hii mwaka 1992.

Bakteria sikununua. Tope jeusi la chini ya bwawa, lile linalonuka ukilichokoa, limejaa wao. Nililichanganya na samadi iliyooza, vumbi la mbao na kokoto za chokaa, nikajaza bomba pana la plastiki lililosimama wima. Samadi ni chakula cha haraka. Vumbi la mbao huoza polepole na kuwalisha baadaye. Chokaa hupunguza ukali wa asidi, maana pH, kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi, ikishuka chini ya 5 wengi wao huzubaa. Maji yaliingilia chini yakapanda, ili hewa isipate upenyo.

Metali zilisubiri. Kwa wiki kadhaa bomba lilijaa maji yenye salfeti tu, bakteria wazaliane kwanza, kwa sababu shaba nyingi ikiwakuta wachache huwaua. Kabla kipimo chochote hakijaniambia kitu, weusi wa salfaidi ya chuma ulianza kupanda ndani ya bomba, na harufu ya mayai viza ikafuata. Harufu hiyo si ya kuchezea. Haidrojeni salfaidi ni sumu, na ikizidi pua hufa ganzi isiinuse kabisa, kwa hiyo usiitegemee pua ikulinde. Bomba langu lilikaa ndani ya kabati la kuvuta hewa la maabara muda wote.

Maji machafu niliyaingiza tone kwa tone. Shaba ilitoweka kwanza, kama nilivyotarajia, kwani salfaidi yake ndiyo ngumu zaidi kuyeyuka kati ya hizo. Zinki ikafuata, na pH ikapanda. Manganizi ilipita kana kwamba hakuna kitu; salfaidi yake huyeyuka kirahisi mno, na hiyo inahitaji hatua nyingine yenye hewa. Nilipojaribu kuongeza kasi, zinki ilirudi kwenye maji yanayotoka, nikairudisha kasi ya mwanzo. Bakteria hawana haraka, na hakuna pampu itakayowabadilisha.

Zebaki nisingeithubutu kwa bomba hili. Baadhi ya bakteria hawa hawa huigeuza kuwa methilizebaki, ambayo hujikusanya katika samaki. Ndiyo sumu iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Kuhusu tope, wengi hudhani kazi imeisha maji yakishakuwa masafi. Lakini metali yote iko humo. Likianikwa juani, hewa huigeuza salfaidi kuwa salfeti tena, asidi inarudi na metali zinayeyuka upya. Langu nililihifadhi likiwa limezama majini, ndani ya ndoo zenye mifuniko inayobana na lebo ya taka hatari, mpaka wenye kibali cha kubeba taka za aina hiyo walipokuja kulichukua.