Bastola Mbili na Karatasi Moja

Simu ya binti wa marehemu ilinikuta karakana, venia ya kupimia vyuma mkononi, mafuta hadi viwikoni. Baba yake tulimzika Februari, na sasa ulikuwa mwezi wa nne. Theluji imeyeyuka na familia imeanza kushughulikia mirathi. "Tumefungua sanduku la baba la jeshi," akasema. "Kuna bastola mbili zenye mitutu minene ajabu. Mama anasema mtu wa vitu hivi ni wewe. Njoo uzichukue tu."

Nikamwomba azirudishe sandukuni kama alivyozikuta, asimpe mtu yeyote, asizipakie kwenye gari, na asizipige picha akazirusha kwenye makundi ya simu. Nitakuja Jumamosi, nikamwambia. Nilipokata simu mkono ulikuwa unatetemeka kidogo. Mitutu minene nilijua ni kitu gani.

Mimi ni mtu wa Ifakara, ninayeishi Pennsylvania, Marekani, kwa kazi ya kuchonga vyuma, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya bastola kuukuu za risasi ndogo ya .22. Watanzania wenzangu huku wananishangaa. Wao pesa ya ziada inakwenda kwenye viwanja Kigamboni na Kibaha. Yangu pia inakwenda huko, ila si yote. Mke wangu alishazoea. "Baba Neema," huniambia kila kifurushi kinapofika, "hivyo vyuma vyako siku moja vitatuletea askari mlangoni." Namjibu kwamba askari hawaji kwa mwenye karatasi. Na kwa hobi hii, hasa upande ule wa bastola zilizojengewa kizuia sauti, jibu hilo si mzaha hata kidogo.

Hizo ni bastola ambazo kizuia sauti si kopo la kufunga na kufungua kwenye ncha ya mtutu. Kimejengwa kuuzunguka mtutu wenyewe, kiwandani. Nyingi ni za .22 kwa sababu inayoeleweka: risasi yake ni ndogo, baruti yake kiduchu, na ikitoka kwenye mtutu mfupi kwa kawaida haifikii mwendo wa sauti, ule wa mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo hakuna ule mpasuko wa hewa unaoifuata risasi yenye kasi. Ukishapunguza mlipuko wa baruti, unabaki na mlio wa chuma kinachorudi nyuma kutema ganda. Wanaodhani inatoa kile kisauti chembamba cha kwenye sinema waje wasikilize. Inasikika, na anayejua mlio ule anautambua.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1934, iliyotungwa enzi za magenge ya pombe ya magendo, iliviweka vizuia sauti kundi moja na bunduki za rashasha. Kila kimoja lazima kiandikwe serikalini kwa jina la mwenyewe, na kila kinapohama mikono kililipiwa kodi ya dola 200. Mwaka ule hiyo ilikuwa fedha ya kumfukuza mtu kabisa. Kwa silaha nyingi ilizidi bei ya silaha yenyewe. Kiwango kile hakikuguswa hadi Januari 2026, kodi ya vizuia sauti iliposhushwa kuwa sifuri, ingawa fomu na usajili vimebaki palepale. Mwaka 1968 ulitolewa msamaha wa mwezi mmoja, kuanzia Novemba 2 hadi Desemba 1: leta ulichonacho, jaza fomu, huulizwi ulikipata wapi. Mlango ukafungwa. Ambacho hakikuandikwa hadi leo, raia hana namna ya kukiandikisha. Hata kiwe kizuri vipi, hakina bei wala soko, na kukaa nacho ni kosa la jinai.

Marehemu nilifahamiana naye kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Alikuwa mzee mkimya, mrefu, aliyepigana Vietnam katika vikosi maalumu na asiyependa kusimulia. Alipenda mkono wangu wa kushoto unavyoshika bastola, akawa ananirekebisha bila kunidhalilisha. Katika mazungumzo yetu yote hakutaja kwamba ana kitu cha namna hii nyumbani.

Jumamosi nikafika. Mjane alikuwa ameweka kahawa na keki ya tufaha, akanitaka nile kwanza, nami nikala kwa heshima huku macho yakikimbilia chumba cha pili. Sanduku lilikuwa la mbao, la kijani, jina la marehemu limeandikwa kwa rangi nyeupe iliyofifia. Nikaweka mikono mfukoni, nikamwambia binti afungue yeye, kwa kuwa ndiye msimamizi wa mirathi. Akaona naigiza. Sikuwa naigiza hata chembe.

Taulo la kwanza likafunguka, nikaona kitu nilichokuwa nimekiona kwenye vitabu na kwenye kabati za vioo tu. High Standard HDM. Mtutu mnene wa mviringo, laini, umenyooka mbele bila madoido, na nyuma yake umbo jembamba la bastola ya kawaida ya shabaha. Rangi ilikuwa imelika kwenye ncha, pale inapochomolewa na kurudishwa kwenye mkoba, chuma cheupe kikaonekana kama ukucha. Nikainama na tochi ya simu. Harufu ya mafuta ya zamani ilipanda. Hapakuwa na kutu hata doa. Yule mzee alikuwa akiifuta hadi mwisho.

Bastola ile ilitengenezwa Connecticut wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya OSS, idara ya ujasusi iliyotangulia CIA, na kizuia sauti chake kilibuniwa na maabara za kampuni ya simu ya Bell. Zilitoka elfu mbili na mia kadhaa tu. Inasimuliwa kwamba mkuu wa OSS, William Donovan, aliingia na moja ofisini kwa Rais Roosevelt pamoja na mfuko wa mchanga, akaumiminia mfuko ule risasi za magazini nzima wakati rais akimsomea karani wake barua, na rais hakushtuka mpaka alipopata harufu ya baruti. Sijui kama kuna rais mwingine ambaye mgeni angemfanyia mzaha huo akatoka salama. Baadaye CIA waliendelea nazo. Francis Gary Powers, rubani wa ndege ya kijasusi ya Marekani, U-2, iliyotunguliwa na Wasovieti Mei 1, 1960, alikuwa nayo mwilini. Na zilifika Vietnam.

Taulo la pili lilikuwa na Ruger MK I, bastola ya shabaha ya kawaida kabisa, iliyobadilishwa mtutu na Military Armament Corporation ya Georgia miaka ya 1970. Kampuni hiyo haikudumu hata muongo mmoja. Mwanzilishi wa kazi yao ya vizuia sauti, Mitchell WerBell, naye alikuwa mtu wa OSS, kwa hiyo zile mbili zilikuwa mtu na mjukuu wake. Ila kwa sura, hapana. Ile ya pili ni kama bomba la maji tu. Rangi yake nyeusi butu, maungio yanaonekana, haina mvuto wowote ukiilaza kando ya mwenzake.

"Karatasi ziko wapi?" nikauliza.

Mama na binti wakatazamana. Tukaanza kusaka. Marehemu alikuwa mtu wa kutunza: risiti za mafuta ya kupasha nyumba joto, dhamana ya friji iliyokwisha kufa, vyeti vya chanjo za mbwa, barua za ofisi ya maveterani, zote katika bahasha za kaki zenye mwandiko uleule wa kulala kulia. Binti alichukua kabati, mjane akachukua droo, mimi nikapewa masanduku ya viatu. Nilikuwa natafuta fomu yenye stempu ya ile kodi ya dola 200 pembeni au, bora zaidi, fomu namba 4467, ile ya msamaha wa 1968.

Jioni inaingia, mjane akaita kutoka chumbani. Fomu ilikuwa ndani ya Biblia ya ndoa, imekunjwa mara mbili, stempu yake safi. Nikaisoma nimesimama. Jina la marehemu, namba ya silaha, aina: Ruger.

Tulirudia kila bahasha. Hapakuwa na nyingine. Nikamuuliza mjane mumewe alirudi lini kutoka vitani. "Kwa mara ya mwisho? Sabini, majira ya joto." Basi. Msamaha ulikuwa umefungwa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Hata angetaka kusema ukweli, hapakuwa na dirisha la kuupokelea.

Binti alikasirika, na alikuwa na haki. "Serikali ilimpa aende nayo kuua watu, akirudi nayo inakuwa haramu?" Nikamwambia mimi si mwanasheria, ila namfahamu mmoja anayeshughulika na mambo haya tu, Jumatatu ampigie, aandike Martinsburg, West Virginia, kunakotunzwa daftari la silaha hizi. Msimamizi wa mirathi anaruhusiwa kuuliza. Mimi siruhusiwi, kwani taarifa zile ni siri kama za kodi ya mtu. Jibu lilikuja kama tulivyotarajia. Moja imo, nyingine haimo.

Nitasema ninachoamini, na wakusanyaji wenzangu wengi hawanipendi kwa hili: ile HDM haikuwa ya yule mzee. Ilikuwa mali ya jeshi siku aliyopewa na siku aliyoileta nyumbani. Nilimheshimu na bado namheshimu, lakini sikuona ubaya wa chombo kurudi kwa mwenyewe. Kilichoniuma ni kutojua kingeishia kwenye kabati la makumbusho au kwenye tanuri la kuyeyushia vyuma. Wakili aliuliza kama jumba la makumbusho lingeweza kuipata, akaambiwa hilo litaamuliwa na serikali yenyewe ikishaipokea. Maofisa wawili wakaja, wapole, wakatoa hati ya mapokezi, wakala keki ya tufaha.

Mjane ndiye aliyenishangaza. Wakati sisi wengine tunazungumza historia, yeye alicheka peke yake. "Mnajua alikuwa akiifanyia nini? Wale wanyama wanaochimba bustanini. Alikuwa anakaa dirishani jioni, majirani wanakula, hakuna aliyesikia kitu." Groundhog, ndio aliokuwa akiwasema: wanono kama pimbi wa mlimani, na balaa la bustani ya maharage. Silaha ya majasusi, miaka mingi ikilinda maharage Pennsylvania.

Usiku ule nikiendesha kurudi nilimfikiria Hiram Percy Maxim, aliyevumbua kizuia sauti na kupata hataza mwaka 1909 huko Connecticut. Baba yake ndiye yule Maxim wa bunduki ya rashasha. Sisi wa upande wa Ifakara na Mahenge jina hilo tunalo kwa njia nyingine. Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilivamia boma la Wajerumani Mahenge wakiamini risasi zitageuka maji, na rashasha za Wajerumani, za aina ya Maxim, zikawafyeka kwa mamia. Babu yangu alisimuliwa na baba yake. Mtu akiniuliza mjukuu wa watu wale anatafuta nini kwenye vitu hivi, huwa sina jibu fupi. Napenda chuma kilichochongwa vizuri, na napenda kujua kimepita wapi.

Ruger binti hakuitaka. Angeweza kuirithi bila kodi, lakini akasema ndani ya nyumba yake haingii. Tukapatana bei, tukajaza fomu ya kuhamisha, nikapiga picha ya pasipoti, nikapakwa wino vidole vyote kumi, nikalipa dola 200, maana kodi ilikuwa bado haijashushwa, na kuanza kungoja. Sheria ni kwamba mpaka kibali kitoke, silaha inabaki kwa muuzaji. Ikabaki kwa mjane, ndani ya sefu, ufunguo kwa binti.

Mama Neema alisoma ile fomu yote, ukurasa kwa ukurasa. "Yaani umelipa, na hujapewa kitu?"

"Nimelipa."

"Na ile nzuri wamekwenda nayo."

"Wamekwenda nayo."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Katikati ya kiangazi mjane akanipigia. Wale wanyama wamerudi, wamemaliza mstari mzima wa maharage, na ile bastola iko hapohapo, binti anakuja na ufunguo Jumapili, kwa nini nisipite dakika tano? Nikamweleza tena habari ya kibali. Akanyamaza, kisha akasema mume wake asingengoja. Nikamwambia ndiyo maana maofisa walikuja kula keki. Alicheka sana, namshukuru Mungu.

Kibali kilitoka majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata. Nilipokwenda kuichukua nikakuta amezungushia bustani uzio wa waya, amechimbia ukingo wake ardhini, na ndani amepanda vitunguu saumu, ambavyo wale wanyama hawavigusi.