“Run” 17 na pampu moja

Kazi ililetwa Ijumaa jioni: kijitabu cha maelezo ya pampu ya maji inayotumia petroli, kurasa 24, kitafsiriwe kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwa ajili ya wakulima wadogo. Nikaiona nyepesi. Nimekulia Likoni, Mombasa, Kiswahili ninacho cha nyumbani, na hapa Nairobi nimekula mkate wa tafsiri miaka kadhaa. Nikajipa hadi Jumapili.

Ukurasa wa tatu nikakwama. Onyo la herufi kubwa: “Do not run the pump dry.” Nikaandika, aibu yangu hii, “Usikimbize pampu ikiwa kavu.” Nilipoisoma kwa sauti, mwanangu akauliza pampu inakimbizwa na nani.

Nikahesabu. “Run” ilikuwamo mara 17, na hakuna mahali hata pamoja palipofaa “kimbia”. Kisha nikajiokoa kwa “endesha”. Ilinifaa mara nne hivi: gharama za kuendesha pampu, pampu inaendeshwa kwa petroli, na kadhalika. Lakini huwezi kuimwaga kila mahali. Kwa watu wengi kinachoendesha ni tumbo, na mwanangu alikuwa bado yupo hapo mezani.

Usiku nilipata faraja ya ajabu. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alitumia miezi tisa kulishughulikia neno hilo moja, “run”, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba kitenzi chake peke yake kina maana 645. Kabla ya hapo, katika toleo la 1989, neno lililoongoza kwa urefu wa maelezo lilikuwa “set”. Basi mimi wa siku mbili nilitaka nini? Tena tusiwacheke Waingereza. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikutana na piga pasi, piga deki, piga simu na piga mswaki, ataona nyumba nzima ni vita.

Kamusi zangu mbili zilinipa orodha, na orodha haijui pampu. Jumatatu nikashuka mtaani Grogan, kwa fundi mmoja wa pampu na jenereta. Nikaagiza chai ya watu wawili. Neno la Kiingereza sikulitaja kabisa. Nilijua nikilitaja atanirudishia lilelile. Nikamuuliza jambo lenyewe.

“Fundi, mteja akitaka kuwasha hii kabla ya kuijaza maji, unamwambiaje?”

“Namwambia usiwashe pampu bila maji. Maji ndiyo yanapoza sili inayozuia kuvuja, dada. Ikizunguka kavu, dakika chache tu sili imeungua, na hapo itavuja hadi uninunulie chai nyingine.”

Nikaandika mgongoni mwa karatasi: usiwashe pampu bila maji. Maneno manne, na mimi nilikuwa nimeyatolea jasho siku tatu.

Tukaenda hivyohivyo, “run” moja baada ya nyingine. Injini iliyowashwa bila kazi: “Iache ingurume kidogo ipate joto.” Petroli: “Ikikaribia kuisha, zima kwanza, ingoje ipoe, ndiyo uongeze.” Mpira wa maji hupitishwa mbali na ekzosi. Kila nilipouliza, mikono yake ilitangulia kujibu. Alishika mpira, akauzungusha, kisha ndipo akasema “pitisha”. Mimi nikitazama mikono hiyo zaidi ya mdomo.

La mwisho lilikuwa zile saa za mwanzo, injini ikiwa mpya, unapotakiwa kuitumia bila kuikaba. Hakufikiri hata kidogo.

“Hiyo ni kuilea. Injini mpya hulelewa.”

Nikaandika: “Ilee injini yako saa 10 za kwanza.” Mhakiki wa mteja akalifuta neno “ilee”, akaweka “itumie taratibu”. Sikubishana, mkulima ataelewa, na saa za kazi zilikuwa zimeisha. Ila kwenye daftari langu, chini ya “run”, kilichoandikwa kwa wino ni “lea”.