Jumamosi ya Kutoboa Vidole

Kipimo cha sukari kilisoma 14.8. Kaka alikitazama, akanitazama mimi, kisha akavuta kiti akakaa.

Tulikuwa tumekubaliana siku ile tupime sukari yake tangu asubuhi mpaka jioni. Wiki mbili nyuma maabara ilikuwa imempa milimoli 6.3 kwa lita kabla ya kula. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, 6.1 mpaka 6.9 ni hatua ya kabla ya kisukari, na kisukari chenyewe huanzia 7.0. Sasa 14.8, na hata maji alikuwa hajanywa.

Nilimshika mkono. Ulikuwa unanata. Dakika chache kabla alikuwa amemenya machungwa ya juisi. Damu inayoingia kwenye kipimo ni kitone kidogo sana, kwa hiyo sukari ya tunda iliyoganda kwenye ngozi inatosha kuharibu jibu, na kufuta kwa pamba ya spiriti peke yake si kwa kuaminika. Akanawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akakausha vizuri, maana kidole chenye maji huzimua damu na kushusha namba. Tukatoboa ubavuni mwa ncha ya kidole, pasipouma sana. 6.2.

Kifungua kinywa niliacha kiwe kilekile alichozoea: vipande vinne vya mkate mweupe na glasi ya juisi. Hapo pana wanga wa gramu 80 hivi, na protini haifiki hata gramu 12. Saa tukaanza kuihesabu kwenye tonge la kwanza, si la mwisho. Wengi hukosea hapo na kulinganisha namba zisizolingana. Baada ya saa moja, 11.3. Baada ya saa mbili, 8.9. Na ilipofika saa nne asubuhi alikuwa anafungua kabati kutafuta cha kutafuna.

Njaa ile haikunishangaza. Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima 20 waliokula vyakula vilivyosindikwa sana kwa wiki mbili, na vyakula visivyosindikwa kwa wiki mbili nyingine. Milo ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula mpaka atosheke. Kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, na uzito ukapanda.

Mchana nikapanga sahani mwenyewe: kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa, mayai matatu, mboga za majani za kujaza nusu ya sahani, na wali nusu kikombe. Protini hapo ni gramu 35 hivi: mayai 18, maharage 15, zilizobaki kwenye wali na mboga. Kaka ana kilo 80, na anayejenga misuli anahitaji gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani kwake 96 mpaka 128 kwa siku. Kwa mkate na juisi asingezipata hata akilazimisha. Nilimwambia aanze na mboga na mayai, wali uwe wa mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu.

Dakika 30 baada ya tonge la kwanza tukasogeza meza. Mkoba wa mgongoni tuliutia chupa sita za maji za lita moja na nusu, kilo 9 kamili. Aliukumbatia kifuani, akasimama mbele ya kiti, akaanza kuchuchumaa na kuinuka.

Seti ya kwanza iliharibika. Alijiachia kwenye kiti kama mtu aliyechoka, na hapo misuli haifanyi kazi, mwili unaanguka tu. Magoti yaliingia ndani, visigino vikainuka, pumzi ameibana mpaka uso ukajaa. Tukarudia polepole: sekunde tatu za kushuka, makalio yaguse kiti bila kukaa, magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu, pumzi itoke wakati wa kuinuka. Marudio 10, pumziko la dakika 2, seti 3. Kipimo changu ni marudio ya mwisho: yakitoka mepesi kama ya kwanza, mzigo hautoshi. Yake mawili ya mwisho yalikuwa mazito lakini mgongo ulibaki umenyooka, nikaridhika. Tukamalizia na pushapu za kuegemea ukingo wa meza.

Angekuwa anatumia insulini au glibenklamidi, dawa za kushusha sukari, nisingethubutu zoezi hilo bila daktari wake kujua, kwa kuwa sukari ingeweza kushuka chini ya 4.0. Na sikutaka akimbie mpaka ahemee juu juu. Kazi kali kupita kiasi huamsha adrenalini, ini likamwaga akiba yake, na sukari ikapanda kwa muda.

Saa moja tangu tonge la kwanza: 7.6. Saa mbili: 6.7.

Aliniuliza sukari imekwenda wapi. Nikamgusa paja. Damu yote ya mtu mzima asiyekula tangu usiku ina sukari ya kijiko kimoja cha chai tu, gramu 4 au 5. Ini huhifadhi karibu gramu 100, misuli karibu 400. Kwa kawaida insulini ndiyo inayobisha hodi ili misuli ifungue. Misuli inayofanya kazi hufungua bila kungoja hodi, na ikishaingiza sukari hairudishi tena kwenye damu. Ghala likiwa dogo, au limejaa kwa sababu halitumiki, kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile. Ndiyo maana napigania misuli kwa watu wa umri wake kuliko ninavyopigania mizani.

Lakini sikumficha udhaifu wa jaribio letu. Mlo wa mchana ulikuwa na wanga pungufu, gramu 60 hivi na sehemu yake nyuzinyuzi, kwa hiyo mazoezi hayawezi kudai sifa yote. Na kipimo cha nyumbani huruhusiwa kupishana na maabara kwa asilimia 15. Pengo la 11.3 na 7.6 linazidi hapo. Pengo la 6.7 na 6.2 si la kulitolea hitimisho.

Jioni alikuwa tayari ameshika kisindano, anataka apime tena na kesho tuchuchumae tena.

"Kesho hapana, kaka. Mapaja yapumzike siku mbili, turudi Jumanne. Ukimaliza 12 kwenye seti zote tatu, tunaongeza chupa."

"Na maabara?"

"Miezi mitatu. Kipimo cha HbA1c kinasoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, na hizo huishi siku kama 120. Ukienda mapema utasoma ya zamani."

Akarudisha kisindano kwenye kopo, akaenda jikoni kuloweka maharage.